Trimu Si Dawa

Maradhi manne yakipewa jina moja, mganga huyatibu yote kwa dawa moja, na mgonjwa apataye kupona huwa amepona kwa bahati. Hali hiyo ndiyo iliyowapata waundaji wa ndege za mfano, ndege ndogo zinazoundwa kwa mkono nyumbani au katika karakana za vyuo na kuongozwa kwa redio kutoka ardhini. Ndege ikiinamisha pua, husemwa ina kasoro ya trimu. Ikiinua pua, husemwa ni trimu pia. Ikipanda na kushuka kama mashua mawimbini, husemwa trimu haijakaa vizuri. Kisha kidole hukijia kitufe kilicho kando ya mkono wa kuongozea, hukibonyeza mara tano au mara kumi, ndege hunyooka, na watazamaji hupiga makofi. Insha hii imeandikwa kuyapinga makofi hayo.

Kwa faida ya msomaji asiyepata kuishika redio ya namna hiyo, yafaa kueleza kwanza trimu ni nini. Nyuma ya bawa dogo la mkia pana kibao chenye bawaba, kipandacho na kushukacho kwa amri ya mwongozaji. Hapa kitaitwa usukani wa mkia. Kibao kikipanda, hewa huusukuma mkia chini na pua huinuka. Kikishuka, mkia huinuka na pua huinama. Trimu ni njia ya kukiagiza kibao hicho kikae juu kidogo au chini kidogo wakati wote, ili mwongozaji asichoke kuushikilia mkono wake. Kazi yake ni hiyo tu. Haihamishi uzito, haigeuzi pembe ya bawa, haiinamishi injini, wala haikazi kiungo kilicholegea.

Msomaji wa kurasa hizi aweza kuuliza mambo ya ndege za mfano yanalihusu nini jarida la lugha. Jibu ni kwamba ugomvi huu, kwa sehemu kubwa, ni ugomvi wa majina. Neno trimu lina haki ya kutaja kitufe na kazi yake. Halina haki ya kutaja uzito uliokaa mahali pasipo pake, wala bawa lililogundishwa kwa pembe mbaya, wala rafadha inayovuta kombo, wala waya unaopinda. Mtu asiyeyatenga mambo hayo kwa maneno huyachanganya katika fikira vilevile, na mkono wake hufuata fikira zake.

Wanaoitetea desturi ya kitufe si wajinga, na haki yao ni kusikilizwa. Hoja yao ya kwanza ni kwamba trimu iliwekwa katika redio ili itumike, na asiyeitumia ni kama mtu aliyenunua mwavuli akatembea mvuani ameukunja. Hoja ya pili ni kwamba ndege iliyokwisha kunyooka haina haja ya kufumuliwa. Imeruka, imetua, wapi kasoro? Hoja ya tatu ni mpya kuliko hizo: siku hizi vinauzwa vyombo vidogo vya umeme vinavyohisi mwendo wa pua na kuusahihisha kabla mwongozaji hajauona, kwa hiyo kutafuta kiini cha kasoro kumekuwa kazi ya bure. Hoja hizi tutazijibu kwa taratibu, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ina nusu ya ukweli. Trimu iliwekwa itumike, lakini matumizi yake yana mpaka, na mpaka huo hauwekwi na rai ya mtu bali na hewa yenyewe. Chukua ndege ya kilo 2, ambayo bawa lake lina urefu wa mita 1.5 na upana wa sentimeta 25 toka ukingo wa mbele hata ukingo wa nyuma. Ndege ya namna hii, yenye mkia nyuma kama ilivyo kawaida, hutaka kitovu cha uzito wake kiwe baina ya sentimeta 6.5 na 8 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, yaani karibu robo hata theluthi ya upana. Tuseme kitovu kimekaa sentimeta 2 mbele mno. Pua itakuwa nzito, na mwundaji atauinua usukani wa mkia kwa trimu mpaka ndege inyooke. Lakini uzito haubadiliki kwa mwendo. Ni ule ule ndege iendapo polepole na iendapo mbio. Nguvu ya usukani ndiyo ibadilikayo, na hubadilika kwa mraba wa mwendo. Ndege iliyokuwa ikienda mita 10 kwa sekunde ikifika mita 20, usukani ule ule, pasipo kuguswa, husukuma mara nne. Urari uliopatikana kwa kitufe, basi, ni urari wa mwendo mmoja. Ndege ikiongeza mwendo, pua huruka juu. Ikipunguza mwendo ili itue, pua huzama, nayo huzama wakati ardhi i karibu.

Mtu aijuaye elimu hii atasema kwamba kila ndege tulivu ina mwendo wake inaoupenda na kuurudia. Ni kweli. Lakini iliyo sawa huurudia kwa upole, na mkono wa mwongozaji huihimili kwa urahisi. Yenye pua nzito huurudia kwa fujo. Na ikiwa kitovu kimekaa nyuma mno, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu pua ikiinuka kidogo huendelea kuinuka yenyewe, na ikiinama kidogo huendelea kuinama. Hapo hakuna kiasi cha trimu kitakachoituliza ndege, maana hakuna mahali pa kutulia.

Hoja ya pili, ya kwamba ndege iliyonyooka haina kasoro, inavunjwa na hesabu iliyo ndogo kuliko hiyo. Usukani wa mkia una mwisho wa kupanda kwake. Sehemu iliyotumiwa na trimu kuubeba uzito wa pua haipo tena wakati wa kutua, na wakati wa kutua ndipo pua nzito inapohitaji kuinuliwa kuliko wakati wowote. Mwenye ndege hiyo hukopa kwa siri katika akiba ya usukani wake, naye hudaiwa mita chache juu ya majani. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Sasa tuyatenge maradhi yenyewe, kila moja kwa dalili yake na dawa yake.

La kwanza ni la viungo. Dalili yake ni kugeukageuka: asubuhi ndege hutaka trimu ya juu, mchana ya chini, kesho yake ya juu tena. Kasoro isiyokaa mahali pamoja haiwezi kuwa ya bawa wala ya injini zilizofungwa imara. Ni ya kitu kinachocheza. Itazamwe fito inayotoka kwenye kimota cha kuongozea hata usukani wa mkia, maana fito nyembamba hupinda hewa ikisukuma, na mrija wa plastiki hurefuka juani. Yatazamwe matundu yaliyopanuka, bawaba zilizolegea, na betri inayoteleza ndani ya kiwiliwili. Jaribio lake hufanywa chini: redio ikiwa imewashwa, usukani usukumwe kwa kidole. Ukikubali kusogea ilhali kimota kimesimama, ugonjwa umepatikana, na hakuna haja ya kuruka mpaka utibiwe.

La pili ni la uzito. Kabla ya kuruka, ndege iinuliwe kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali panapotakiwa kitovu, ikiwa na betri na kila kitu chake. Ikikaa sawasawa au ikiinamisha pua kidogo sana, na iruke. Ikiinamisha mkia, irudi mezani. Angani jaribio lake ni hili: ndege ipandishwe juu vya kutosha, inyooshwe kwa trimu, injini ipunguzwe hata mwisho, kisha pua iinamishwe digrii 30 hivi na mkono uachiwe. Ikijinyakua kwenda juu kwa ghafula, kitovu kiko mbele mno. Ikizidi kuinama, kiko nyuma mno, na mwongozaji aiokoe mara moja. Ikijiinua taratibu kama mtu aamkaye usingizini, kitovu kimekaa vizuri. Dawa yake ni kuhamisha kabla ya kuongeza. Betri ya gramu 200 ikisogezwa nyuma sentimeta 10 katika ndege ya kilo 2, kitovu husogea nyuma sentimeta 1, wala gramu moja haikuongezwa. Lakini anayetaka kukisogeza mbele sentimeta 1 kwa kubandika risasi puani, sentimeta 30 mbele ya kitovu, atahitaji gramu 70 hivi, na bawa litazibeba siku zote za uhai wa ndege hiyo.

La tatu ni la pembe. Uzito umekwisha kaa mahali pake, ndege huteleza injini ikiwa imepunguzwa, nayo hujiinua kwa upole. Hata hivyo usukani wa mkia hauko sambamba na bawa lake dogo, bali umesimama juu au chini waziwazi. Hapo bawa kuu na bawa la mkia hazikupatana. Katika ndege ya kujifunzia, yenye bawa bapa upande wa chini, bawa kuu aghalabu huinuliwa digrii 2 au 3 kuliko la mkia. Ikiwa usukani umeinuka, pembe hiyo haitoshi, na ukingo wa mbele wa bawa kuu uwekewe kibanzi chini yake. Ikiwa umeshuka, pembe imezidi, na kibanzi kiwekwe chini ya ukingo wa nyuma. Bawa lenye upana wa sentimeta 25 hugeuka digrii 1 kwa kibanzi cha milimita 4 na kitu. Kibanzi hicho hukatwa kwa dakika mbili.

La nne ni la rafadha. Rafadha ikivuta juu au chini ya mstari unaotakiwa, pua husogea mara injini inapoongezwa nguvu. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa ndege yenye pua nzito iliyoinuliwa kwa trimu nayo hupanda injini ikiongezwa. Tofauti iko katika wakati. Pua ikiinuka papo hapo, kabla mwendo haujaongezeka, rafadha ndiyo yenye kosa. Ikiinuka baadaye kidogo, kadiri mwendo unavyokua, kosa ni la uzito au la pembe. Ikiwa ni rafadha iinuayo pua, injini na iinamishwe digrii 1 hata 3 kwa kutia washa nyuma ya misumari ya juu inayoishika, kisha ijaribiwe tena.

Mpangilio huu si wa mapambo. Jaribio la uzito halina maana ikiwa usukani unacheza. Pembe haiwezi kupimwa ikiwa uzito haujakaa. Na rafadha haiwezi kushutumiwa ikiwa ndege haitelezi sawasawa bila nguvu yake. Anayeanza mwishoni atarudi mwanzoni, na kila kibanzi alichokitia atakitoa.

Mabaharia wa pwani yetu hawakuhitaji redio kulijua jambo hili. Nahodha akiona jahazi limezama omo, hamwamuru mshika usukani apambane na bahari kutwa kucha. Huamuru shehena ihamishwe, au farumi ipangwe upya chini, hata chombo kikae juu ya maji kama kilivyoundwa kukaa. Usukani ni wa kuelekeza chombo, haukuwekwa kubeba mzigo uliopakiwa vibaya. Wao ndio waliotuachia methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwundaji wa ndege naye akimaliza kuhangaika mkiani na puani, marejeo yake ni mle ndani, mahali uzito ulipolala.

Historia ya ndege inashuhudia hayo hayo. Mwaka 1871 Alphonse Pénaud, Mfaransa, alirusha ndege ndogo ya mfano katika bustani ya Tuileries mjini Paris, ikisukumwa na mpira uliosokotwa. Ilikaa hewani sekunde 11. Hapakuwa na redio, hapakuwa na mwongozaji, wala kitufe cha kubonyeza. Palikuwa na uzito uliowekwa mahali pake, na mkia uliotegwa kwa pembe iliyo chini ya pembe ya bawa. Ndege hiyo ilijituliza yenyewe kwa maumbile yake. Ndugu Wilbur na Orville Wright walichukua njia nyingine. Ndege waliyoirusha tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa na usukani mbele na kitovu cha uzito kilichokaa nyuma kupita kiasi, nayo ilipanda na kushuka muda wote. Safari yake ndefu ya siku ile ilikuwa ya sekunde 59. Wasingeweza kuituliza daima kwa ustadi wa mikono peke yake, ijapokuwa mikono hiyo ilikuwa hodari kuliko yote ya zama zao. Mwaka 1904 wakafunga vyuma vizito mbele, na mwaka 1905 wakaukuza usukani wa mbele na kuusogeza mbali zaidi. Hawa walikuwa waundaji wa nyumbani kwa maana iliyo kamili, nao hawakuona aibu kurudi karakanani.

Imebaki hoja ya tatu, ya vyombo vya umeme vinavyosahihisha vyenyewe, nayo ndiyo yenye hatari kubwa, kwa sababu inafanana sana na maendeleo. Chombo hicho ni kizuri kwa kupambana na upepo wenye mavurugu. Lakini kikifungwa katika ndege yenye pua nzito, kazi yake huwa kubonyeza kitufe kile kile mara mamia kwa dakika, kwa siri, pasipo mtu kujua ni kiasi gani cha usukani kilichokwisha tumika. Mwenye kitufe walau hujua amebonyeza mara ngapi. Mwenye chombo hajui chochote, hata siku chombo kitakapokosea.

Wala si ndege za mfano peke yake. Kampuni ya Boeing ilipoiunda ndege ya abiria iitwayo 737 MAX, iliipa injini kubwa kuliko za zamani, zikawekwa mbele zaidi na juu zaidi, na tabia ya pua ikabadilika ndege ilipoinuliwa sana. Badiliko hilo halikumalizwa kwa umbo la ndege. Iliongezwa programu iliyozungusha trimu ya bawa la mkia na kuinamisha pua, ikitegemea kipimo kimoja tu cha pembe ya hewa. Tarehe 29 Oktoba 2018 kipimo kilitoa habari za uongo, na ndege ya Lion Air ikaanguka baharini huko Indonesia pamoja na watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ilianguka ndege ya Ethiopian Airlines, iliyoondoka Addis Ababa kuja Nairobi, wakafa watu 157, na 32 kati yao walikuwa raia wa Kenya. Sababu za misiba hiyo ni nyingi, na wachunguzi wamezieleza kwa urefu. Lakini katika zote mbili trimu iliendelea kuzunguka ilhali marubani wakivuta usukani kuipinga. Ndege hizo hazikuruhusiwa tena kuchukua abiria mpaka programu ilipobadilishwa ili ilinganishe vipimo viwili. Anayesema kwamba ugomvi wa trimu ni mchezo wa watoto na akumbuke njia ya Addis Ababa na Nairobi.

Ndege ya mfano yenyewe si kitu cha mzaha. Kilo 2 ziendazo mita 20 kwa sekunde humpiga mtu kwa nguvu ile ile ya jiwe la kilo 2 lililoangushwa toka kimo cha mita 20. Lakini jambo linalonipa hofu zaidi ni mwanafunzi. Ndege hii, kwa wengi, ndiyo chombo cha kwanza wanachokiunda ambacho hewa itakihukumu pasipo upendeleo. Kijana akifundishwa kwayo kwamba dalili ikitoweka ugonjwa umekwisha, ataubeba ufundi huo hata katika madaraja, mitambo ya umeme na hospitali. Akifundishwa kuuliza ni lipi kati ya manne, atakuwa amepata elimu isiyopitwa na wakati.

Rai ya insha hii, basi, si kuing'oa trimu. Itumiwe angani kuinyoosha ndege, kisha ndege itue bila kitufe kuguswa tena. Hapo mwundaji achukue rula, apime usukani wa mkia umesimama milimita ngapi juu au chini ya mahali pake, na aandike katika daftari. Idadi hiyo ni habari iliyoletwa kutoka angani. Baada ya kuisoma, atafute ugonjwa kwa mpangilio tuliokwisha utaja, autibu mahali ulipo, airudishe trimu katikati, na aruke tena. Akifanya hivyo mara tatu au nne, ndege itanyooka kitufe kikiwa katikati, na akiba yote ya usukani itakuwa mkononi mwake.

Mjumbe hauawi, nasi hatutaki kumwua. Lakini mjumbe aliyepewa kiti cha hakimu na mkoba wa mganga hana budi kuvuliwa vyote viwili, arudi kwenye kazi yake ya kuleta habari.